Kabla Baruti Haijafika Nghambala

Ruthu, funga dirisha la upande wa reli, treni ikipita nitalazimika kunyamaza na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupoteza. Denis, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia nyumba ya jirani. Vuta kigoda ukae mahali nitakapokuona uso. Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana nikikatizwa leo sijui kama nitapata pa kuanzia tena. Machozi mtayatoa baadaye, hayaozi.

Nianze na mali, kwa sababu mali ndiyo huwagombanisha watoto kabla matanga hayajaanuliwa. Nyumba hii ya Ihumwa ni ya Ruthu, aliyenigeuza na kunisafisha bila kukunja uso hata siku moja. Shamba la zabibu pamoja na kisima chake ni la Denis, na ninampa kwa moyo mweupe ingawa atakayoyasikia leo yatamfanya adhani vingine. Ng'ombe walioko kwa mjomba wenu mgawane sawasawa, ila yule mwenye pembe iliyopinda asichinjwe msibani, ana mimba. Mwiko wangu wa kufukulia, brashi na chekeche wapeni vijana wa chuo wanaosomea mambo ya kale, na muwaambie mwiko ule haukati vizuri upande wa kushoto. Mbuzi wote wapelekwe Kondoa kwa Bi Mwantum, na mkiulizwa kwa nini, jibu lake mtalisikia sasa hivi. Mlima Nghambala simwachii mtu. Haukuwa wangu wa kuacha, wala si wenu wa kuuza.

Ninyi mnamfahamu Silvano Kihwele kama yule mzee wa Kihehe anayekuja hapa kunitukana, akala ugali wetu na kuulaumu. Leo nataka mmfahamu kama mhariri wa gazeti niliyefanya naye kazi tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Mgogo na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane, na tangu hapo Mhehe akinisema sina ruhusa ya kukasirika, nami nikimsema anameza. Mara ya kwanza alinikuta Nghambala, nimepiga magoti ndani ya pango, uso umejaa vumbi, akasimama juu ya shimo langu na kamera shingoni akasema, "Mgogo, hata njaa iliyokwisha unaifukua uione tena?" Nikamjibu apunguze sauti, mbwa wa kijiji wakisikia lafudhi ya Kihehe watahama wote. Basi urafiki ukaanza hivyo, kwa matusi, na kusema kweli hakuna mtu mwenye adabu aliyewahi kunifaa kama yule asiye nayo.

Lakini neno lake lile lilikuwa limegonga penyewe bila yeye kujua. Nilikwenda mle kutafuta mawe ya kale, vigae vya vyungu na majivu ya watu waliokaa humo kabla ya Mgogo na kabla ya Mhehe, na chini kidogo tu ya samadi ya mbuzi nikakuta watoto. Walikuwa wamelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, mmoja kando ya mwenzake, na kila mmoja amewekewa kibuyu kidogo karibu na kichwa. Ilikuwa Mtunya, ile njaa kuu iliyowakuta wazee wetu baada ya Vita ya Kwanza kumaliza ng'ombe na nafaka za nchi hii. Wakati ule nachimba, bibi yangu Elieth alikuwa bado hai. Mama yule, maisha yake yote, hakuwahi kukatiza chini ya Nghambala. Aliuzunguka kwa mbali hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani, nasi watoto tukimcheka. Nilipomwendea na kumweleza nilichokiona, aliwataja wadogo zake wawili kwa majina, akaniomba niwafunike. Nikawafunika kwa mikono yangu hii. Wazee wakamwaga maji na unga, na Silvano akaitia kamera yake mkobani pasipo kuambiwa na mtu.

Akaandika habari ya Mtunya, na watu wakaisoma wakalia sokoni, lakini jina la mlima hakulitaja. Aliandika tu kwamba ni mahali fulani njia ya kwenda Mtera. Hilo ndilo lilikuwa agano letu. Mimi nikiandika, yeye alisoma kwa sauti mbele yangu pale ofisini kwake, na sentensi yoyote iliyomkata pumzi naye aliikata, nami nikigomba, yeye akisema wasomi tunaandika kama tunalipwa kwa urefu. Haki yangu ilikuwa moja: hakuna chochote cha kwangu kilichokwenda mtamboni kuchapwa kabla sijakiona, na kila kitu ambacho kingeweza kumfikisha mtu kwenye pango nilikifuta. Nchi yetu hii ina watu wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha dhahabu chini ya majabali, na kwamba kila mchoro mwekundu ukutani ni alama ya kuielekea. Ukiwaambia pango liko wapi, umewapa sururu.

Na siku moja agano lilivunjika. Bi Mwantum, mama wa Kirangi ambaye mmekula sana mihogo yake, ndiye aliyenionyesha pango lenye michoro juu ya kijiji chao, akaniamini nalo kama mtu anavyomwamini mkunga. Mimi nilikuwa safarini, gazeti limebaki na nafasi tupu ukurasani, muda wa mtambo umefika, na Silvano akachukua picha ya lile pango akaiziba nayo ile nafasi. Jina la mahali hakuliandika, hilo alilikumbuka. Lakini nyuma ya jabali ulionekana mgongo wa mlima, na mgongo ule kila Mrangi anaujua kama anavyoujua mlango wa mama yake. Silvano ni Mhehe; milima ya Kondoa haikumwambia kitu. Yeye aliona picha nzuri tu.

Wakaja watu na sururu. Mumewe Bi Mwantum, Shaaban, mtu mpole ambaye mvua ilikuwa imemnyima mavuno mara mbili mfululizo, wakamshawishi awaongoze, wakachimba chini ya michoro hadi kwenye mguu wa jabali, na jabali likamshukia. Wenzake walikimbia. Nilipofika, Bi Mwantum aliniamkia shikamoo kama siku zote, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza gazeti ni mnyama gani huyo anayekula mtu akiwa mbali. Mimi ndiye niliyeuleta mguu wa gazeti mlangoni kwake, kwa hiyo mbuzi ni wake, na mkienda msimpe kama sadaka, mpeni kama mtu anayerudisha kilicho cha mwenyewe.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Silvano, nikamwambia maneno ambayo hayamo kwenye utani. Hakujitetea. Juma lililofuata, ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma, aliandika kwamba picha iliyompeleka Shaaban kaburini aliiweka yeye, Silvano Kihwele, na kwamba alikuwa ameahidi asiweke. Mwenye gazeti alikuwa amemkataza. Akaenda kusimama mwenyewe mtamboni mpaka nakala ya mwisho ikatoka, na kesho yake akafukuzwa kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akapanga chumba kule Nkuhungu, akaanza gazeti lake dogo, lile ambalo Denis ulizoea kulifungia mashati ukienda shule. Mimi sikumsamehe upesi. Nilimpita barabarani kama nguzo, na harusi ya binti yake sikwenda, jambo ambalo kwa mtani ni kubwa kuliko kumpiga. Aliyenirudisha kwake ni Bi Mwantum mwenyewe. Aliniambia, "Dada, huyu amejitaja. Wale waliokimbia na sururu zao mpaka leo hawajajitaja." Basi nikaenda Nkuhungu na kuku mkononi, yeye akamtazama kuku akasema Wagogo wamezoea kuomba mpaka wakija kutoa wanatoa aliyekonda. Tukaendelea na kazi.

Nipeni maji. Kidogo tu, midomo.

Sasa nakuja kwako, Denis, na usiangalie sakafu. Mji huu unakua kama jipu, kila kukicha ghorofa, barabara, ofisi za serikali, na vyote hivyo vinakula kokoto. Watu wa kokoto walipokuja kuuliza habari za Nghambala, wazee kule nyumbani walisema waulizwe waliosoma, na aliyesoma na aliyeko mjini ni wewe. Mimi nilikuwa hospitali, nimefungwa kwenye mashine ile ya kusafisha damu, nawe ukasimama mbele ya mkutano wa kijiji ukasema mama amesharidhia. Ukasema mapango ni matundu ya fisi. Mwanangu, wewe nilikupeleka pale ukiwa na meno ya maziwa. Ulijua ni nani wamelala mle. Ulijua kuliko mtu yeyote katika mkutano ule.

Aliyenijia na habari hiyo ni Silvano. Aliingia wodini, akavua kofia, akakaa, na hakunitania. Mtani akija bila tusi ujue amebeba msiba. Nikakuita, Denis, nikakuuliza, na wewe hukunidanganya, hilo nakushukuru. Ulisema, "Mama, ulitaka nikuache ufe? Mlima umelala pale miaka yote, haujawahi kumpeleka mtu hospitali." Ndipo nikajua fedha za dawa zangu na mashine yangu zilikuwa zinatoka kwa watu wa kokoto. Nilikuwa nanyonya wale watoto, Denis. Walikufa kwa njaa, na mimi nikawa nawala.

Tangu siku ile sikurudi kwenye mashine. Ruthu alinipigia magoti, na yeye ni muuguzi, anajua vizuri mtu wa namna yangu huenda vipi na huchukua muda gani. Nisamehe, Ruthu, nimekufanya ushuhudie kwa macho yanayojua. Lakini wewe Denis usije ukajiambia kwamba mama alijiua kwa hasira, wala usiruhusu mtu akuambie kwamba wewe umeniua. Figo zangu ndizo zilizochoka. Nilichokataa ni kulishwa kwa kile nilichokataza kisiguswe. Na sikuiti mwizi. Mwizi huiba ili ale yeye. Wewe uliiba ukanilisha mimi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko huu ugonjwa. Ninakupenda hata sasa, na ninakuonea hasira hata sasa, na vyote viwili vinatosha ndani ya mwanamke mmoja.

Baada ya siku chache Silvano akarudi na habari aliyoiandika, kama ilivyo kawaida yetu, isiende mtamboni kabla sijaiona. Akanisomea kwa sauti. Aliandika yote: kokoto, mkutano, baruti inayosubiri mvua zipungue, watoto wa Mtunya na vibuyu vyao. Pale panapotakiwa jina la mlima alikuwa ameacha pengo, kwa ajili ya agano letu. Na pale panapotakiwa jina la aliyeutoa mlima alikuwa ameandika "mmoja wa wanaukoo." Mhehe yule, ambaye hajawahi kunihurumia sentensi hata moja maishani mwake, alikuwa ananihurumia.

Nikamwomba kalamu. Kwenye lile pengo nikaandika Nghambala. Maisha yangu yote nilificha majina ya mahali ili mahali papone, lakini safari hii kimya ndicho kinachobeba baruti. Wakiulipua kimyakimya, mwaka kesho watoto wale watakuwa ndani ya zege ya jengo la watu, na hakuna atakayejua. Heri nchi nzima ijue jina, waje wachimbaji wa dhahabu na waje pia watu wa kuwazuia. Kisha nikafuta "mmoja wa wanaukoo." Silvano akanishika kifundo cha mkono. Akasema, "Paulina, huyo ni mwanao." Nikamwambia, "Na aliyetajwa kwa ajili ya Kondoa alikuwa Silvano Kihwele." Akaniachia.

Kwa hiyo usimchukie yeye, Denis. Jina lako hakulileta mhariri. Nimeliandika mimi, lote, na la baba yako pembeni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi sina tena nguvu za kulia. Mtu aliyechapa jina lake mwenyewe kwa ajili ya Shaaban, ningemwangaliaje usoni nikamwomba alifiche la mtoto wangu?

Sasa shikeni maagizo. Mnizike Nghambala. Si ndani ya pango, mle mna wenyewe. Nje, pale nilipokuwa naweka chekeche langu, penye udongo laini niliouchuja mwenyewe. Mchungaji akiuliza kwa nini si makaburi ya kanisa, mwambieni nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, yeye mwenyewe husoma hivyo. Mwenye kutaka kokoto za Nghambala aanze na mimi.

Na mnajua mtani huwa anafanya nini msibani. Silvano ataingia kaburini kabla jeneza halijashushwa, atakataa kutoka. Mshikeni mkono anaposhuka, magoti yake mabovu. Watani wengine hudai kuku, hudai pombe, ndipo watoke. Yeye nimemwambia asidai kitu kwa mtu yeyote ila neno moja kwa Denis. Atakuuliza mbele ya wazee, mbele ya kijiji kile kile ulichokiambia nimeridhia: mama yako aliridhia? Wewe utajibu. Ukisema hakuridhia, na kwamba unarudisha ulichopokea na unaitaka ile ruhusa ifutwe, atatoka, na maneno yako hayo atayaandika kwenye habari ile ile, inayongoja mazishi yangu, chini ya jina lako. Jina halitafutwa. Lakini halitakuwa peke yake.

Ukinyamaza, hatatoka. Na asivutwe. Mtani havutwi, wala hakasirikiwi, wala mchungaji asijaribu. Jua likiwa kali na liwe kali. Nitakaa juu ya ardhi nikingoja, nimeshazoea kungoja pale.

Pumzi... ngoja.

Denis, najua watu wa kokoto watakuja juu. Uza shamba la zabibu uwalipe ukipenda, nimekupa liwe lako ufanye utakavyo, sasa umeelewa kwa nini nimekupa wewe. Ruthu, dada mtu, usimwache peke yake siku ile. Simama naye ubavuni. Asipoweza kusema, umfinye. Lakini usiseme kwa niaba yake.

Bi Mwantum aambiwe mapema, asafiri bila haraka. Silvano... mwambieni ugali wa msiba wangu pia ataulaumu, namruhusu.

Siwaoni vizuri. Ni jioni, au ni macho yangu?

Ruthu, Mungu akulindie mikono hiyo. Upate mtu wa kukugeuza siku yako, naye asikunje uso. Wajukuu wangu wasilale njaa. Wasile kamwe kitu ambacho wataogopa kuuliza kimetoka wapi. Amani ya Bwana ikae katika nyumba hii.

Denis. Sogea, baba. Karibu zaidi. Usilie, nataka kusema. Mkono huu ndio ulioandika jina lako. Hakuna mwingine wa kukubariki, sina mwingine. Uweke kichwani pako... siwezi kuunyanyua. Unyanyue wewe.